Mlinzi wa Daraja na Mchora Ramani Wake

Mama mkwe wangu alifika Marekani kutoka Tanga mwishoni mwa miaka ya tisini, majani ya miti yakiwa yameshapukutika, na haukupita muda akawa amechoka kukaa. Tulikuwa tumepanga ghorofa ya pili katika majengo ya matofali mekundu, kitongoji cha Adelphi. Mume wangu alikuwa na kazi Manassas, kwenye karakana ya milango ya alumini, akitoka alfajiri na kurudi sote tumeshakula. Mimi nilikuwa nafua na kupiga pasi shuka katika nyumba ya kutunzia wazee, Riverdale. Kwa hiyo mchana kutwa mama alibaki na televisheni asiyoielewa na kaseti za mawaidha alizozijua kwa moyo. Alikuwa akisimama dirishani akiuliza, "Hivi watu wa hapa wanaishi wapi? Mbona naona magari tu?"

Aliyemwokoa ni binti yangu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mtoto wa kimya, na kila wiki alikuwa akitoka maktaba na vitabu vinene vyenye majalada ya majoka, mapanga na anga zenye miezi miwili. Kiswahili alikisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Mama mkwe naye hakuwa na Kiingereza hata cha kuombea maji. Jioni moja akamwambia, kwa utani wa bibi na mjukuu, "Mke mwenzangu, kila nikikutazama umeliinamia hilo dude. Kuna nini humo? Nitolee hadithi na mimi nisikie."

Nilidhani mtoto atakataa. Akafunga kitabu, akakaa karibu na bibi yake kwenye zulia, akaanza.

Ilikuwa hadithi ya nchi iliyogawanywa na bonde lisilo na maji, lililojaa ukungu unaozungumza. Juu ya ukungu lilikuwapo daraja moja, na daraja lile lilikuwa na mlinzi ambaye, kwa kiapo cha ukoo wake, hakuruhusiwa kukanyaga ardhi ya upande wowote. Siku moja akapita mchora ramani aliyetumwa na mfalme kwenda kuichora ng'ambo. Alipokuwa akirudi akakaa na mlinzi, akamwonyesha alichokichora. Akaondoka tena. Akarudi tena.

"Mchora ramani aka-promise atarudi," binti yangu alisema. "Na mlinzi ali-wait, ali-wait, mpaka snow ikaanguka."

"Hadithi haisemwi hivyo," mama alimwambia. "Sema, akaahidi kurudi. Mlinzi akangoja, akangoja, hata theluji ikaanguka."

Mtoto akarudia, neno kwa neno. Nikiwa jikoni na mwiko mkononi nilisimama kusikiliza. Tangu azaliwe sikuwahi kumsikia akiunganisha sentensi ndefu vile kwa lugha yetu. Nilimwomba Mungu mama asichoke na vile vitabu.

Hakuchoka. Kila jioni, mara baada ya kuswali Alasiri, alikuwa ameshakaa mahali pake. Mchora ramani ndiye aliyemteka moyo. "Binti jasiri huyu," alikuwa akisema. "Kuzunguka nchi za watu peke yake, na mfalme hata punda hakumpa! Ana nywele?"

"Ndefu, bibi. Nyeusi. Anazifunga na kamba ya ngozi."

"Mashallah. Na yule mlinzi asimchezee. Kama anamtaka, aseme."

Binti yangu alicheka, nami nikacheka. Kwangu pia mchora ramani alikuwa msichana. Sikumbuki kuamua hivyo. Nilimwona tu, na nilipomwona alikuwa amevaa gauni.

Halafu darasa lao likapelekwa kambini, milimani Virginia, kwa siku kadhaa. Mtoto aliondoka kitabu kikiwa juu ya kitanda chake. Ilipofika jioni mama mkwe alikichukua akaniletea. "Tumemwacha mchora ramani ndani ya ukungu, anaitwa na sauti za wafu. Mimi siwezi kukaa hivi. Nisomee wewe."

Nikakaa, nikatafuta mahali alipokunja ukurasa, nikaanza kusoma na kutafsiri polepole.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu Kiingereza changu. Kilinitosha kazini na dukani, ila "he" na "she" vilikuwa vinanishinda. Sisi tunasema "yeye" tumemaliza, mwanamume ni yeye na mwanamke ni yeye. Kule kazini niliwahi kumwambia mzee mmoja kwamba mkewe amekuja, "he is here", na mzee akakataa kutoka chumbani akidhani ni daktari. Wenzangu walinicheka mwezi mzima. Kwa hiyo nilipoona mchora ramani anaitwa "he", nilijua kosa ni langu. Nikarudi juu ya ukurasa. Nikasoma tena. Pengine "he" ni mlinzi, nami nimechanganya ni nani anayetembea na ni nani aliyesimama. Lakini mlinzi naye alikuwa "he". Mlinzi alivunja kiapo, akashuka ukunguni na kamba kiunoni, akamtoa mwenzake, akamlaza juu ya mbao za daraja. Kisha "he" akamshika "him" uso kwa mikono miwili, akambusu.

Nikasimamisha kidole juu ya neno lile.

"Vipi?" mama akauliza. "Amekufa?"

"Hapana, mama. Yu hai. Ametoka."

"Wamekutana?"

"Wamekutana."

"Alhamdulillahi! Wakafanyaje?"

"Wakasalimiana."

Akanitazama. "Kwa mkono?"

Nilisema chungu kinaungua, nikaenda jikoni. Hapakuwa na chungu.

Kesho yake nilikitia kitabu kwenye mkoba nikaenda nacho kazini. Mwenzangu wa kufua alikuwa Mkenya wa Nakuru, mlokole, mwenye Kiingereza safi. Tulipendana, ingawa mwanzoni tuligombana kidogo kwa sababu nilimwita "shoga" mbele ya Wakenya wenzake. Kwetu Tanga shoga ni rafiki yako wa kike, wa kuazimana vitenge na kupeana siri. Yeye alishtuka, akanivuta pembeni kuniambia nisimtukane. Ndiyo maana siku ile nilipata taabu ya kumweleza.

"Kitabu hiki," nilianza, "nadhani ndani yake mna mashoga."

"Marafiki wa kike?"

"La, siyo shoga wangu. Shoga wako."

"Wangu mimi? Mimi sina!"

Nikaona nitazidi kuharibu. Nikamfungulia ukurasa, nikamwomba aniambie tu kama wale ni wanaume au wanawake. Alisoma akiwa amesimama kati ya mashine za kukaushia. Alisoma ukurasa ule, akaendelea na uliofuata.

"Ni wanaume," alisema hatimaye. "Wote wawili. Kwani hii ni kitabu ya nani?"

"Cha mtoto wangu. Kimetoka maktaba, kwenye rafu za vijana."

"Dada, hiyo ni dhambi. Ningekuwa wewe ningeirudisha leo leo." Nikanyoosha mkono anipe. Hakunipa. "Ngoja kwanza. Mfalme ameshajua mlinzi ameacha daraja." Akafunua tena. Muda wa mapumziko ulipokwisha ndipo akanirudishia, na alipokuwa akijaza shuka kwenye mashine aliniambia bila kunitazama, "Ikiisha, uniambie vile iliisha."

Nilikuwa nimekwenda kwake ili aninyooshee mambo. Nilitoka nikiwa nimepinda zaidi. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuthubutu kumwambia hata yeye. Ukurasa ule, kabla sijajua ni wanaume, ulikuwa umenigusa. Nilipojua, sikuweza kuuondoa ule mguso, na sikujua niuweke wapi.

Mtoto aliporudi, nilisubiri mama mkwe aingie kuoga, nikamwita jikoni.

"Mchora ramani ni mwanamume?"

"Ndiyo," akanijibu, kama mtu aliyeulizwa kama nje kuna baridi.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilisema 'yeye'. Si ndivyo mlivyonifundisha?"

"Bibi yako anadhani ni msichana."

"Najua."

"Ulijua tangu lini?"

Hapo akahamia kwenye Kiingereza, kama kawaida yake akibanwa. Alisema mwanzoni hakugundua kuwa bibi amekosea, na alipogundua bibi alikuwa na furaha sana, akashindwa kumsahihisha. Kisha akaniuliza jambo nisilolitegemea. "Mama, neno lake ni lipi? Neno la kawaida, lisilo tusi. Nilitaka kumwambia bibi, nikakosa neno."

Nilifungua kinywa. Maneno niliyoyajua yalinijia, moja baada ya jingine, yote ya kurushiana mitaani, mengine siwezi kuyatamka mbele ya mwanangu. Nilitafuta lile la kawaida. Kila nililolishika lilikuwa na mwiba.

"Sijui," nikasema.

Akatikisa kichwa kama aliyelitarajia jibu hilo.

"Na wewe," nikamuuliza, "unasoma tu, au kuna jambo unaniambia?"

"Ni kitabu tu, Mama," akasema kwa Kiswahili.

Nilimtazama usoni. Nimezaa uso ule, nimeuosha, nimeupaka mafuta, na siku ile sikuweza kuusoma. Sikujua kama amenifungia mlango au kama hapakuwa na mlango wowote. Nikampa vitunguu amenye.

Jioni mama mkwe akakaa mahali pake. Nilikuwa nimeamua nitamkataza mtoto, kisha nikaamua nitamwacha, kisha nikaamua tena kukataza, na wakati naamua mara ya nne hadithi ilikuwa imeshaanza. Mtoto alifika pale juu ya daraja. Akanitupia jicho. Kisha akasema, taratibu, Kiswahili kilichonyooka: "Bibi, mchora ramani si msichana. Ni kijana wa kiume. Na mlinzi anampenda. Akambusu."

Mama aliacha kuvuta tasbihi.

"Wote wanaume?"

"Wote."

Akaikusanya kiganjani. Kisha akauliza, "Huyo mlinzi ana mama?"

"Hayumo kwenye hadithi, bibi."

"Maskini," alisema, na sikuelewa anamwonea huruma mama, mlinzi au nani. Akaanza kutueleza habari ya watu wawili wa mtaani kwao zamani, wapika halua, waliokuwa wakikaa nyumba moja na kukoroga sufuria moja miaka yote. Watu walisema waliyoyasema, na halua yao walinunua. Mmoja akafa. Siku ya matanga yule mwenzake akaja na kanzu iliyopigwa pasi, akasimama mlangoni, na hakuna aliyejua pa kumketisha. Si ndugu, ili akae na wafiwa. Na kumpeleka kwa wageni ilikuwa haya.

"Wakamketisha wapi?" binti yangu akauliza.

"Alisimama. Mpaka watu wakaanza kuondoka alikuwa amesimama." Akarudia kuvuta tasbihi. "Haya. Mfalme akafanyaje?"

Mtoto akaendelea, na hadithi ikaenda mpaka mwisho wake. Mfalme alimhukumu mlinzi. Mchora ramani akamletea mfalme ramani ya nchi nzima isiyo na bonde wala daraja, na kwa kuwa katika nchi ile ramani za mfalme hugeuka kweli, ukungu ukatoweka, bonde likajifunga, na mlinzi akakanyaga ardhi. Nilimpelekea Mkenya wangu mwisho huo kama alivyoagiza. Alisema, "Ai, afadhali," halafu akakunja uso, akawasha mashine.

Sikukuu ya Idi alikuja kutuamkia mama mmoja wa Unguja, mke wa mtu wa ubalozini, aliyeshikwa na hamu ya kwao hata kashata zilimliza. Ili kumchangamsha, mama mkwe akamwambia, "Mjukuu wangu amenisimulia hadithi, ngoja nikupe." Nilikuwa namimina chai. Nilihisi birika limekuwa zito.

Akaisimulia yote. Na jinsi alivyoisimulia! Ukungu ulinong'ona, theluji ilianguka, kamba ya ngozi ilifunga nywele. Yeye akaondoka, yeye akangoja. Yeye akashuka, akamtoa mwenziwe, akamlaza, akambusu. Hakusema msichana. Hakusema kijana wa kiume. Alisema "yeye" kwa Kiswahili chake cha Tanga, mwanzo hadi mwisho, na mgeni akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Mungu awajaalie ndoa njema," akasema, "na wazae watoto wema."

"Amin," mama mkwe akaitikia.

Binti yangu alinitazama. Mimi nilimtazama mama. Yeye alikuwa anachagua kashata.

Baadaye, tulipokuwa tukiosha vikombe, nilimuuliza kwa nini hakumweleza mgeni. "Kumweleza nini?" akasema, akanipa kikombe kingine nikikaushe.

Mama mkwe aliondoka miti ilipoanza kuchipua. Kwenye uwanja wa ndege alimkumbatia mjukuu wake muda mrefu, wakanong'onezana, na hakuna aliyeniambia yaliyosemwa. Wiki iliyofuata nilikwenda na binti yangu maktaba. Nilisimama mbele ya zile rafu za vijana, nikavuta kitabu kimoja, nikakigeuza, nikavuta kingine. Sikujua natafuta nini, kama ni cha kumkataza au cha kumpa. Yeye alijaza mfuko wake, akaja kusimama karibu nami.

"Unataka kimoja?" akaniuliza.

Nilimwambia achague yeye.