Tangi la Samaki Juu ya Kitanda cha Bibi

Harufu ya ndizi zinazoiva juu ya mbao zenye unyevu hunirudisha Tukuyu, kwenye nyumba yetu ya Msasani, mtaa wa huko huko wala si ule wa Dar es Salaam: duka chini, sebule juu, sakafu ya mbao, na mvua isiyojua kuchoka. Ni miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kujaa madukani. Baba, muuza vitambaa ambaye wazee wake walitoka Tanga, alirudi kutoka Dar es Salaam na tangi la kioo la kufugia samaki, refu kama kitanda. Alitaka likae sebuleni, wageni wakinywa chai watazame samaki. Sasa, chini ya sebule, nyuma ya duka, ndipo alipolala Bibi, mama yake Mama, tuliyemtoa kijijini Kinyala alipoanza kuumwa miguu. Sakafu ikikatika, maji na vioo vingemshukia yeye. Kuhama chumba akakataa, eti wageni wake wameshakizoea. Mama akanuna. Mimi, mtoto wa maswali, nikamganda Baba: mbao zikichoka, zinasemaje? Kuuliza si ujinga.

Baba akaamua kupima. Aliagiza mikungu ya ndizi, akaipanga pale pale tangi lingekaa, mpaka akaridhika kwamba uzito unalingana na wa tangi lililojaa. Ikimaliza wiki salama, tunajaza maji. Siku ile ile mlango wa kabati la Bibi, lililofika hadi darini, ukagoma kufunguka. Bibi akasema ni mvua, mbao zimevimba, na kwa Tukuyu hilo ni jambo la kila siku, nikaridhika. Lakini wiki ikielekea ukingoni mlango ukalegea wenyewe, na mvua haikuwa imepumzika hata kidogo. Hapo nikashindwa kutulia. Nikapanda juu, nikakuta mikungu imebaki michache mno. Kumbe kila aliyekuja kumjulia hali Bibi aliambiwa apande ajichukulie mkungu, akashuka akisema ndaga, asante yao ya Kinyakyusa.

Nilimkuta Baba ameshaanza kuchota maji. Aliponisikiliza akatua ndoo, akaingia kwa Bibi, akapapasa juu ya kabati alama ya boriti, iliyopinda kwa uzito wa ndizi ikalikandamiza, kisha ikanyanyuka zilipopungua.

“Mama, tungekuua,” alisema.

“Sasa mkwe wangu, mgeni atoke kwangu mikono mitupu?”

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Tangi likawekwa dukani, juu ya saruji, na wateja wakawa wanasahau walichofuata.

Leo naishi ghorofani, Mbeya, zege juu na zege chini. Juzi jirani wa juu alipandisha kitu kizito, nikakisikia kikiburutwa darini kwangu. Nilikaa nikijiuliza ni nini, kisha nikajiuliza kama naye aliuliza ni nani anaishi chini yake. Zege halinitii hofu, litabeba. Lakini Bibi aliokolewa na watu waliokuja kumjulia hali, na mlango wangu, tangu nihamie hapa, haujagongwa na mtu.