Baada ya Kuukosa Ubunge

Naikumbuka vizuri ile wiki niliyoukosa ubunge, mwanangu, na kwa kuwa umeniambia unataka kugombea, acha nikusimulie hiyo kwanza. Habari za kushinda utazisikia kwa wengine.

Nilikuwa bado kijana, mbunge wa kipindi kimoja. Matokeo yalipotangazwa, simu yangu iliyokuwa haitulii ikanyamaza. Wapambe waliokuwa wakigombania kunibebea mkoba nikawaona kwenye televisheni, wamesimama nyuma ya mshindi, wanacheka. Nikafunga geti la nyumba yetu hapa Kimara, nikajikalia ndani. Sikuwa mgonjwa. Sikutaka tu kuonekana.

Siku hizo hizo akafariki jirani yetu, mume wa Mama Zuhura. Turubai likafungwa mtaani, nami sikwenda. Nilijiambia watu watanicheka.

Akaja Mzee Chilumba, mchonga vinyago, rafiki wa marehemu baba yangu tangu walipotoka wote Newala. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakataa kukaa.

"Msibani umefika?"

"Bado, baba. Naona aibu. Watu wamenikataa."

"Wamekunyima kura, hawajakunyima salamu. Marehemu mlijuana kabla hujawa mheshimiwa. Sasa kukosa ubunge ndiyo kukuzuie kuhani?"

Akageuka, akaondoka.

Nikajifunga kanga, nikaenda. Zamani ningewekewa kiti cha mbele, nikatoa pole kwa kipaza sauti, nikaondoka na msafara. Safari hii hakuna aliyenyanyuka. Bi Asha, mama wa mtaa wa pili, akasogea kwenye mkeka nipate pa kukaa, akanipa kisu na beseni la vitunguu. Nikawa namenya, na kina mama wakaendelea na mazungumzo yao kama vile sipo.

Bi Asha alikuwa anasimulia habari za mkwewe. Zahanati yetu haikuwa na chumba cha kujifungulia, basi uchungu ulipomshika wakampakia kwenye bajaji kumpeleka hospitali ya mbali. Foleni ya Morogoro Road ikawakamata. Akajifungulia humo humo, na mtoto hakuishi.

"Bi Asha," nikamwuliza, "mbona mie hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi, mwanangu? Ulikuwa ukija unaongea, ukimaliza unapanda gari."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Sasa mimi sikuwa na kiti tena. Aliyekuwa nacho ni yule aliyenishinda, ambaye majukwaani alinitukana maneno nisiyoweza kukutajia wewe. Nilisitasita siku kadhaa. Mwishowe nikamchukua Bi Asha, tukaenda ofisini kwake. Alipotuona alidhani nimekuja kulalamikia matokeo.

"Mheshimiwa," nikasema, na neno lile nililitamka kwa shida, "naomba umsikilize huyu mama."

Akamsikiliza, na kusema haki, alimsikiliza vizuri. Akalisemea jambo hilo bungeni, akawafuatilia watu wa halmashauri mpaka wakamchoka, na chumba kikajengwa. Siku ya ufunguzi alikata utepe yeye, na jina langu halikutajwa. Iliniuma, sikufichi. Lakini mama wa kwanza kulazwa pale alikuwa mkwe yule yule wa Bi Asha, akatoka na mtoto wa kike, mzima. Tulipopiga vigelegele, nami nilipiga.

Baadaye niligombea tena, nikashinda, nikatumikia hadi nilipoamua mwenyewe kupumzika.

Basi gombea, mwanangu, sikuzuii. Ukishinda, nenda kwa watu bila kipaza sauti, ukae nao mpaka wasahau kwamba upo. Ukishindwa, usijifungie ndani. Shida uliyoijua jana haijaisha kwa sababu umeondolewa, kwa hiyo ipeleke kwa aliyekushinda, hata kama roho inagoma. Na asifiwe yeye, haidhuru.

Mungu akupe ujasiri wa kusema wengine wanapoogopa, akupe na masikio. Na siku cheo kitakapokutoka, akukute bado una majirani.