Mafuta ya Damu na Siagi ya Mama

Mama aliacha kuweka siagi kwenye mtori siku ileile tuliyotoka kliniki. Daktari alikuwa amesema mafuta kwenye damu yangu yamepanda. Tulirudi nyumbani kwake Uru, na jioni akaniwekea bakuli la supu ya ndizi isiyo na hata tone la mafuta.

Nina ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi. Makohozi yangu ni mazito kama gundi, na kongosho halitoi vimeng'enya vya kutosha vya kusagia chakula. Utotoni nilitibiwa nimonia mara sijui ngapi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa walipopima jasho langu wakajua ni nini. Tangu hapo agizo lilikuwa moja: kula mafuta, meza vidonge vya kusaga chakula kila mlo, usikonde. Mama alilishika agizo hilo kama katekisimu. Kwa hiyo mtu mwembamba kama mimi kuambiwa damu ina mafuta mengi, hakuelewa. Hata mimi sikuelewa.

Wiki tatu za chakula kikavu alichokuwa akiniletea chumbani ninakopanga zilinitoa kilo mbili. Nafundisha darasa la tatu mjini, na sketi ilikuwa ikizunguka kiunoni nikiandika ubaoni. Nikamwambia, "Mama, twende tukamuulize vizuri."

Daktari, kijana kuliko mimi, alimwamkia shikamoo. Mama aliitikia marahaba, kisha akauliza moja kwa moja, "Ni mimi niliyemdhuru?"

"Hapana, mama. Kifua chake kina maambukizi ya siku nyingi. Mwili unapigana nayo bila kupumzika. Ndiyo tunaita mchochota. Mapigano hayo yanavuruga jinsi mwili unavyotumia mafuta. Kipimo cha mchochota kiko juu, aina moja ya mafuta imepanda, na ile kolesteroli nzuri imeshuka. Tutibu kifua kwanza. Siagi mrudishie. Apunguze soda na sukari."

"Chai yake ina vijiko vinne," mama alisema, akinitazama.

Kisha daktari akaniuliza kama nafanya mazoezi ya kutoa makohozi asubuhi na jioni. Ningeweza kusema ndiyo. Nilisema ukweli: nilikuwa nimeyaacha tangu nihamie kwenye chumba hicho cha kupanga, mtaa wa Soweto, mjini. Kuta ni nyembamba, na jirani aliwahi kumuuliza mwenye nyumba kama nina kifua kikuu. Niliona aibu.

Mama hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na mimi ningejuaje?"

Nililazwa wiki mbili kwa dawa za mshipani. Mama alifundishwa kunigongagonga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, na akawa anagonga kwa nguvu kuliko mwalimu wake. Nilipotoka nilikwenda kwa yule jirani, nikamweleza ugonjwa wangu hauambukizi watu wa nyumba ile. Alisikiliza, akasema, "Pole, dada. Basi kohoa tu."

Miezi mitatu baadaye nilipimwa tena. Mchochota ulikuwa umeshuka sana, na yale mafuta yaliyopanda yalikuwa yamerudi karibu na kawaida. Kolesteroli nzuri bado iko chini. Daktari anasema huenda ikabaki hivyo, na kwamba tutakuwa tunaipima kila mwaka.