Siku Mama Alipouosha Mguu Wake

Mama yangu ana mdomo. Nasema hivyo kwa heshima, maana mdomo huo ndio uliotulisha: miaka yote alisimama ufukweni Kalundu mitumbwi ikitua, akagombana na wavuvi mpaka wamjazie karai la ndagala, vile visamaki vya ziwani, kisha akapanda nalo kichwani hadi kwetu Kilibula. Na mdomo huo huo ndio uliomfukuza daktari.

Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemla mguu wa kushoto. Vidole vilikuwa vyeusi, na kwa harufu yake wagonjwa wa vitanda vya jirani pale hospitalini walilala wamegeukia ukuta. Daktari, kijana mrefu ambaye hakuwa na muda mrefu tangu atoke shuleni, alisimama mbele ya kitanda akasema mguu ukatwe chini ya goti, tena upesi, la sivyo sumu itapanda na mama atakufa. Alisema kweli. Lakini aliisema mbele ya wodi nzima, kama mtu anayesoma tangazo.

"Weye mutoto," mama akamwambia, "wende ukakate muguu ya mama yako!"

Bakuli la uji likamfuata hadi mlangoni. Wodi ikacheka. Mimi sikucheka. Nilimkasirikia daktari, nikamkasirikia mama zaidi, kwa sababu mimi ndiye niliyelala kwenye mkeka kando ya kitanda chake nikisikia anavyosaga meno kwa maumivu.

Nilijua hatarudi. Ningekuwa mimi, nisingerudi. Kesho yake akaja, akaketi kwenye mkeka wangu, magoti yamemfika kidevuni, ikabidi amtazame mama kutoka chini. Mama akaanza tena. Akautukana ukoo wake, akaitukana shule yake, hata viatu vyake havikupona. Kijana akasikiliza yote, hakumkatiza, hakuangalia simu. Maneno yalipomwishia mama, maana hata yake huisha, akasema taratibu:

"Mama, jana nilisema mubaya. Unisamehe. Nini njo inakuogopesha zaidi? Kukatwa, ao kitu ingine?"

Mama akaufunika mguu kwa shuka. Aliposema, ilikuwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo kabisa.

"Muguu yangu mutaitupa wapi?"

Kumbe! Siku zote zile nilidhani anaogopa kisu. Kwetu mtu haingii ardhini kabla watu wake hawajamwosha, na mama aliwaosha wengi: mama yake, dada zake, baba yetu. Sasa kipande cha mwili wake kitangulie peke yake, kichafu, kisijulikane kilipo? Nikamkonyeza daktari adanganye. Mwambie chochote, nilimwomba kwa macho, mwambie kuna mahali pazuri.

"Mu shimo, mama," akajibu. "Nyuma ya hospitali. Tunachoma."

Nilitaka kumpiga. Lakini mama alimtazama, na uso wake ukalegea kidogo. Huyu, nadhani aliona, hatamdanganya hata kwa lingine.

"Lakini ni yako," daktari akaendelea. "Ukitaka, nitaipatia binti yako, muizike kwenu."

"Nitaiosha kwanza. Minye mwenyewe."

"Utaiosha, mama."

Asubuhi ya operesheni nilileta beseni la maji ya vuguvugu. Daktari akalichukua beseni, akapiga magoti, akalishika chini ya mguu wa mama. Mama akainama. Akaosha goti, akaosha kisigino, na ule unyayo mgumu uliopanda njia ya Kalundu maisha yake yote. Akaosha hata vidole vyeusi, kimoja kimoja, bila kugeuza uso. Kisha akaupaka mawese mpaka ukang'aa. Muuguzi alichungulia kusema wanangojwa. Daktari akatikisa kichwa tu, beseni mikononi. Nimeingia makanisa mengi, lakini kimya kama kile sijakisikia tena. Nilishindwa kujua nimstaajabie nani kati ya wale wawili.

"Umenitembeza sana," mama akauambia mguu. "Aksanti. Weye tangulia, minye nitakukuta."

Halafu akajipangusa mikono kwa kitenge, akamgeukia daktari.

"Haya, mutoto wangu. Twende."

Jioni daktari mwenyewe alinikabidhi mguu, umefungwa vizuri katika shuka jeupe. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Tuliuzika kando ya kaburi la baba, tukaomba, tukarudi hospitali kumwambia mama kwamba imekwisha. Nafasi iliyobaki pale ni yake. Mpaka leo haijachimbwa: yuko Kalundu, ameketi kwenye kigoda chake, anagombana na wavuvi.