Kuku wa Darasa la Sita

Kijiji kizima, chini kidogo ya Kiomboi, kilikuwa na mchinjaji mmoja tu, Mzee Mohamedi. Nyumba za Waislamu hazikufika hata kumi. Waliobaki wote walikuwa Walutheri, Wakatoliki na, miaka ya karibuni, walokole. Lakini mtu akipata mgeni, akioza binti, au akiwa na mgonjwa anayetamani supu, mtoto alitumwa mbio: "Babu, shikamoo. Mama anasema uje na kisu."

Naye alikwenda. Hakuna aliyeona ajabu. Kuku aliyepita mikononi mwa Mzee Mohamedi aliliwa na yeyote atakayebisha hodi, na nyumba yenye heshima haikutaka kupika kitu ambacho mpita njia angelazimika kukikataa. Hakudai malipo. Firigisi tu ilimsubiri kwenye kisahani chake, na ole wake mtoto aliyeidokoa.

Alikuwa na taratibu zake. Hakupenda kuku akimbizwe, kwa hiyo alitaka afungiwe tangu jioni. Alimnywesha maji kwanza. Kisu alikificha nyuma ya mgongo asikione, akamlaza kuelekea kibla, akataja jina la Mungu, na kisu kikapita mara moja. Kisha alichuchumaa pale pale kimya mpaka kuku atulie kabisa, ndipo akaulizia habari za shamba na hali ya mtoto aliyekuwa na homa. Alijua kila nyumba ilivyo nyuma, jikoni, mahali ambapo wageni wengine hawafiki. Kitu hicho ndicho alichokipenda kuliko firigisi.

Mwaka ule mjukuu wake Rukaya alikuwa darasa la sita. Katika Stadi za Kazi walikuwa wamefuga kuku tangu mwanzo wa mwaka, na sasa walifika kwenye mapishi. Mwalimu wao, Dorika, binti wa Utemini mjini Singida, alitangaza kwamba kila kikundi kitapewa kuku mmoja, kitamnyonyoa, kitampika na kumla. Kuonja kulikuwa na alama zake, na alama zilikwenda kwenye ripoti. Wa kuchinja hakutajwa, maana alijulikana.

Rukaya alirudi nyumbani siku hiyo macho mekundu.

"Nimetolewa kwenye kikundi cha Damari," alisema. "Baba yake hataki ale kuku uliyemchinja wewe, atamchinja mwenyewe. Kwa hiyo mimi siwezi kuwa sufuria moja naye."

Mzee Mohamedi aliweka kikombe chini. "Benson amesema hivyo? Benson wa Amosi?"

"Ndiyo. Babu, kwani jina la Mungu linabaki kwenye nyama?"

"Kamuulize bibi yako."

"Nilimuuliza. Amesema nikuulize wewe."

Damari na Rukaya walikuwa wakienda shule pamoja tangu la kwanza, na vikundi vya mapishi wangebaki navyo mpaka mwisho wa mwaka. Lakini kilichomchoma mzee kilikuwa kingine, ambacho hakumwambia mtoto. Mlango mmoja ukifungwa, wa pili hauchelewi. Kama Benson hatamwita tena, jirani yake ataanza kujiuliza, na siku moja kila nyumba itakuwa na sufuria yake na atakayekula humo atachaguliwa.

Jioni hiyo hiyo Benson mwenyewe alifika. Alikuwa mkulima wa alizeti, mwenye mabega ya kubeba magunia, na alisimama uani akiwa amevua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Nimeona nije niseme mwenyewe, usiyasikie kwa watu."

"Nimekwisha kuyasikia kwa mtoto."

"Mzee, wewe ni baba yangu. Sina neno na wewe hata moja. Ila sasa nimeokoka, na kanisani tumefundishwa tusile kitu kilichoombewa kwa namna nyingine. Nilimwomba mwalimu amruhusu Damari asifanye lile somo. Amesema angekuwa na uwezo angeniruhusu, lakini somo ni la lazima. Nikasema basi, kuku wa kikundi chake nitamchinja mwenyewe."

"Baba yako Amosi alikula kuku wangu."

"Alikula."

"Na wewe je?"

"Nimekula, mzee. Wengi tu."

"Basi wamo tumboni humo."

"Walishatoka zamani," Benson alisema, na wote wawili wakacheka kabla hawajakumbuka kwamba hawakutaka kucheka.

Ziada, mke wa mzee, alichungulia mlangoni. "Benson, huyu ndiye aliyekuchinjia kuku wa harusi yako, au nimesahau?"

"Hujasahau, mama."

"Mwache," Mzee Mohamedi alimwambia mkewe. "Amekuja na miguu yake mwenyewe."

Benson alipoondoka, mzee hakuona raha. Alitaka kumkasirikia, ila kila alipoanza alikutana na jambo moja njiani: yeye mwenyewe asingekula kuku wa Benson. Asingemla hata kwa njaa ya kiangazi. Hakuna aliyewahi kumlaumu kwa hilo. Kijiji kizima kilijipanga kwa ajili ya imani yake wala hakikunung'unika. Sasa amepatikana mtu wa pili mwenye imani inayokataa sufuria, na yeye ndiye wa kwanza kuumia. Aliligeuza jambo hilo huku na huku, halikupata pa kukaa.

Siku ya mapishi mafiga yalipangwa nyuma ya madarasa, karibu na jiko la uji. Mzee Mohamedi alichinja kuku wa vikundi vingine mmoja baada ya mwingine, na maji ya kunyonyolea yakaanza kuchemka. Rukaya aliwekwa kwenye kikundi cha mwisho, akawa anatazama upande wa Damari zaidi kuliko sufuria yake.

Benson alikuja na kisu cha jikoni kwake na jogoo mwekundu aliyekabidhiwa na mwalimu. Alikwenda naye pembeni, penye mti wa mwarobaini. Aliinama, akainuka, akainama tena upande mwingine. Mzee Mohamedi, akifuta kisu chake kwa jani, alimtazama. Ndipo ilipomjia kwamba mtu huyu hajui.

Angejulia wapi? Baba yake Amosi hakuchinja kuku maisha yake yote, wala babu yake. Katika boma lile, tangu lijengwe, kuku alichinjwa na Mohamedi, na kabla ya Mohamedi alichinjwa na baba yake Mohamedi. Benson alikuwa mtoto wa kutumwa kumwita mchinjaji, kisha kurudi kucheza.

"Baba Damari, unampapasa au unamchinja?" Severina, mpishi wa uji, alimtania. Watoto wakacheka. Benson akafanya haraka, na hapo mambo yakaharibika. Kisu kilikuwa butu, kilisugua tu. Jogoo alifurukuta, bawa moja likachomoka, mkono wa Benson ukateleza, na jogoo akaruka na shingo iliyokatwa nusu, akapita katikati ya watoto akimwaga damu kwenye sare zao. Mayowe yalizuka. Damari alijifunika uso kwa sketi yake.

"Mkamateni!" Mwalimu Dorika alipiga kelele, lakini kila aliyeelekewa na jogoo alikimbia.

Aliyemkamata ni Mzee Mohamedi. Alimbana taratibu kwenye ukuta wa jiko, akamkumbatia kifuani, kanzu ikalowa. Kisu kilikuwa mkononi. Mnyama alikuwa anateseka, na jambo ambalo hakuweza kulivumilia duniani ni hilo. Kutaja jina na kupitisha kisu kungekuwa kumaliza. Lakini hapo kuku angekuwa wake, Damari asingeonja, alama zake zingepotea, na baba yake angetoka hapo amefedheheshwa mbele ya shule nzima.

"Benson! Njoo hapa!"

Benson alikuja.

"Shika kisu changu. Hicho chako cha kukatia mchicha kiache. Piga goti. Mabawa kanyaga hapa, pamoja na miguu, usimwumize, mzuie tu. Kichwa kishike hivi, ngozi ivutike. Kata hapa, mara moja, usisugue."

Benson alikishika kisu, akapiga goti. Alimtazama mzee. "Nitamke nini?"

"Cha kutamka unacho mwenyewe, ndicho kilichokuleta. Mimi nakufundisha kisu. Haya, fanya, anaumia."

Mzee aliondoa mikono yake kwenye kuku, akageuza uso pembeni. Benson alisema maneno yake chinichini, kisu kikapita.

"Usiinuke," Mzee Mohamedi alisema. "Kaa naye mpaka atulie."

Wakakaa, mmoja amepiga goti, mwingine amechuchumaa, bila neno. Jogoo alipotulia Benson alijifuta jicho kwa bega, akasema ni moshi. Moto wenyewe ulikuwa upande wa pili.

Waliporudi kwenye mafiga, Mwalimu Dorika alisema kwamba nyama itabaki kama ilivyopangwa, ila ugali utasongwa mmoja, maana unga hauna wa kuuchinja. Rukaya alikuwa ameshakwenda kuchukua mwiko kabla sentensi haijaisha. Yeye na Damari walisonga kwa zamu, wakibishana nani analegeza. Kila mmoja alikula ugali ule na nyama ya sufuria yake.

Benson alimsindikiza mzee mpaka njia panda. Alikuwa ameshika kisu chake butu kama kitu cha aibu.

"Mzee, siku nikipata wageni mchanganyiko, nitakuita."

"Nitakuja."

"Na siku tukiwa wenyewe..."

"Siku hiyo utachinja mwenyewe. Umeshajua." Haikumtoka kirahisi. Alitembea hatua chache, akasimama. "Ila kwa kisu hicho utawatesa viumbe wa Mungu." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa kinoo, jiwe jeusi lililolika katikati kwa visu vilivyonolewa na mikono miwili, yake na ya baba yake. Akamwekea Benson kiganjani.

Nyumbani Ziada alimvua kanzu yenye damu, akaiweka kwenye beseni, akapekua mifuko kama kawaida yake.

"Kinoo kiko wapi?"

"Nimemwachia Benson."

"Baba Abdulmajidi! Umempa?" Aliinua kichwa. "Mtu aliyekikataa kisu chako, wewe unampa na kinoo? Wewe sasa utanolea nini?"

"Nitakuwa naazima," Mzee Mohamedi alisema. "Kila wiki nitapita kwake kuazima."