Nyota Tano na Mama Mkwe

Ndugu zangu wa jumuiya, mnaniona nimesimama kwa gongo moja. Niacheni nisimame hivi hivi, maana nikikaa nitashindwa kusema. Bado nina aibu.

Kabla ya ajali mie nilikuwa mtu wa majigambo. Nilinunua gari kuukuu la Japani, nikasoma mtandaoni kwamba aina ile ilipogongeshwa kwa majaribio ilipewa nyota tano za usalama. Hapa Gongo la Mboto nani hakuzisikia nyota zangu? Usukani wake nikaung'oa, nikaweka mdogo wa mbao, wa kupendeza. Kelele za kukumbusha kufunga mkanda nikazinyamazisha kwa kile kichuma cha kuchomeka kinachouzwa kwenye foleni.

Mke wangu Rehema alipojifungua kwa upasuaji, mama yake akaja kutoka Masasi kumlea. Nilimpokea stendi, nikamwamkia, akaketi nyuma. Akaanza kuutafuta mkanda chini ya vitambaa vya viti. Nikacheka, nikamwambia asijisumbue, hili lina nyota tano.

"Nyota ni zako, baba," akasema. "Mimi naomba mkanda."

Barabara ya Pugu, lori la mbele yetu lilisimama ghafla. Mie sikusimama. Usukani wa mbao ulinipasua kidevu na kunivunja mbavu. Mfupa wa paja la kulia ukakatika. Mama mkwe alitoka na mchubuko wa mkanda begani. Ndiye aliyenishika kichwa mpaka watu wakaja.

Hospitali daktari aliniuliza kama mfuko wa hewa wa kwenye usukani ulifutuka kunikinga. Nikamwambia niliutoa pamoja na usukani, bila hata kujua kwamba umo humo. Nikiwa nimelala chali nikasoma tena kwenye simu, safari hii hadi mwisho. Nyota zile zilitolewa gari likiwa jipya, lina kila kifaa, na madoli ya kuigiza abiria ndani yamefungwa mikanda. Na majaribio ya sasa ni magumu zaidi. Nyota tano za zamani si nyota tano za leo.

Nyumbani ndiko nilikokiona cha mtema kuni. Rehema ana mshono, hawezi kuninyanyua. Ndugu zangu wako mbali. Aliyebaki ni mama mkwe, kwa hiyo nikawa najizuia haja kubwa mpaka tumbo likawa gumu. Siku moja ikanishinda, nikajichafua kitandani. Nililia nimejifunika shuka usoni. Akaingia na beseni, akafunga mlango.

"Mama, mkwe hatazamwi," nikamwambia.

"Basi wewe fumba macho."

Akaniosha, na kesho yake pia, mpaka nilipoweza kujikokota kwa magongo mawili.

Namshukuru Mungu, madaktari na Rehema. Nyie wenye magari kama langu, msing'oe msichokijua, na hata anayeketi nyuma afunge mkanda.

Juzi tulimsindikiza mama stendi kwa teksi. Niliketi mbele, nikafunga mkanda dereva hajawasha gari. Mama akaniinamia kutoka nyuma, akauliza taratibu, "Hili lina nyota ngapi, baba?"

Nikamwambia sijui.

"Afadhali," akasema, na nikasikia akifunga wake.