Sisimizi Juu ya Mpira Unaovutwa

Nakumbuka siku moja ya vita, mwanangu, na hadi leo damu hunichemka. Tulikuwa tumekimbia Kilo, tunalala kambini hapa Bunia, asubuhi tunasoma katika shule moja ya mtaa wa Ngezi. Mwalimu wetu wa hesabu, mzee Uchanda, mtu wa Mahagi, alishika kipande cha mpira wa baiskeli akatuuliza: sisimizi anatembea juu yake, na kila akipiga hatua, mpira unavutwa, unaongezeka urefu uleule uliokuwa nao mwanzoni. Je, atafika mwisho?

Prefe, mkuu wa shule, akaingia.

"Hatafika. Mwalimu, unapotezea watoto ya kambi wakati. Miye sitawaandika kwa egzame ya serikali."

Ati nini? Risasi zilizotutoa kwetu zilitutoa na akili? Nikasimama, tusi liko mdomoni. Mwalimu akaniwahi.

"Furaha, hasira yako iko na haki. Lakini tusi haijibu hesabu. Kuja ku ubao."

Nikaenda, nikashika chaki. Nikaeleza kwamba mpira ukivutwa humbeba na sisimizi. Sehemu aliyokwisha kuipita hairudi mbele yake. Hatua ya pili humpa nusu ya sehemu aliyopata kwa ya kwanza, ya tatu theluthi, ya nne robo. Zinapungua, ndiyo. Lakini theluthi na robo pamoja zinazidi nusu. Nne zinazofuata zinazidi nusu nyingine. Nane zinazofuata, nusu tena, bila kikomo. Haba na haba hujaza kibaba.

"Anafika," nikasema. "Anakawia sana, lakini anafika."

Prefe akaupa ubao mgongo. "Hata kama. Kambi ni kambi."

Hesabu ilimshinda, mwanangu, ila alikuwa na mlango, akatufungia nje!

Mzee Uchanda akakusanya chaki zake. "Basi na miye niko mwalimu ya kambi." Akatufuata, akatufundisha hemani kwetu mpaka shule nyingine ikatuandikisha. Tukafanya egzame, mtihani uleule wa serikali, tukapita.

Watakuambia hasira ni hasara. Ni hasara ukiimwaga kwa matusi. Ukidharauliwa, kasirika, kisha fanya kazi ambayo mwenye dharau hawezi kuifuta. Na siku ukipewa funguo za mlango, usimfungie mtu kwa sababu ya mahali alipolala.

Mungu akupe kichwa kitulivu na moyo usiokubali uonevu. Uende salama, mwanangu.